Undugu wa Mpondwe una majira yake

Anayeitwa Baluku huko Bwera, jamaa zake wa Kasindi humwita Paluku. Bwambale wa Uganda ni Kambale wa Kongo. Masereka ni Kasereka. Wakonzo na Wanande ni watu wa asili moja waliotenganishwa na mpaka wa mto Lhubiriha, na majina hayo huonyesha mtoto wa kiume amezaliwa wa ngapi.

Kwa hiyo wanaovuka Mpondwe siku za soko, wengi wao hawaendi kwa wateja tu. Wanakwenda kwa shemeji, kwa mjomba, kwa bibi. Undugu huo ni mtaji, lakini kila umri una madai yake.

Kwanza ni ndoa. Mbuzi wa mahari wakishafika, mfanyabiashara amepata mahali pa kulala na pa kuweka mzigo ng'ambo ya pili. Hapo ndipo deni huanza kuitwa msaada. Shemeji huchukua katoni mbili za sabuni akiahidi kulipa baadaye, na hakuna anayeandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shemeji naye hupotea nayo. Afadhali kusema mapema: hiki ni zawadi, hiki ni mkopo.

Kisha huja watoto. Mama anayetoka Hima, mji wa kiwanda cha saruji kaskazini ya Kasese, akiwahi soko la Mpondwe huondoka watoto wamelala. Bibi ndiye anayewaamsha, anayewalisha na anayewapeleka shule. Kazi hiyo ni sehemu ya gharama za biashara kama nauli ilivyo. Bibi asingoje faida ndipo akumbukwe.

Karo nayo ina nafasi yake. Mwaka wa shule Uganda huanza mapema mwakani, na wa Kongo huanza Septemba. Ndugu wa pande mbili hawabanwi mwezi mmoja, hivyo wanaweza kukopeshana kwa zamu, mradi zamu ziheshimiwe.

Mzigo mzito kuliko yote ni wazazi wakizeeka. Juni 2019, Uganda ilithibitisha Ebola wilayani Kasese kwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na jamaa zake. Mama yake alikuwa amekwenda huko kumuuguza baba yake mzazi, aliyekufa kwa ugonjwa huo. Mtoto alifariki, na bibi yake pia.

Hakuna binti atakayeambiwa asimwuguze baba yake akakubali. Linalowezekana ni familia kupanga kabla ya ugonjwa: nani anakaa karibu na mzee, nani anatuma fedha, nani anasafiri. Na mgonjwa akivushwa, maofisa wa afya waambiwe ukweli, kwa kuwa anayeficha homa huipeleka nyumbani kwa watoto wake.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya inaweza kulegeza ushuru na kufupisha foleni, lakini haiwezi kuamua nani amlee mama. Undugu ni kufaana, wahenga walisema, na kufaana huhitaji kikao. Ndugu wakutane wakati hakuna msiba wala deni lililoiva, maana siku ya matanga kila mmoja huja na hesabu yake.