Nyumba kuukuu Pangani: kabla ya kununua bati, jua anayekuuzia ni nani

Barabara ya lami ya Tanga–Pangani–Bagamoyo na daraja la Mto Pangani vimewafanya wenye akiba kidogo waziangalie upya nyumba kuukuu. Tuseme umenunua nyumba ya udongo kwa milioni 4, ukatumia milioni 2 kuezeka na kupiga plasta, kisha ukaiuza milioni 8. Kwenye karatasi hesabu inapendeza. Lakini biashara hii huharibikia kwa muuzaji kabla ya kufika kwa fundi.

Nyumba nyingi za namna hii ni za urithi. Mzee amefariki, anaishi humo mtoto mmoja, wengine wako Tanga au Dar es Salaam. Huyo aliyemo hana mamlaka ya kuuza peke yake, hata kama ndiye aliyemuuguza mzee. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo omba kuona barua ya uteuzi, kisha ongea na warithi wenyewe. Ukipuuza hilo, ndugu watajitokeza siku bati jipya linapong'aa. Na kama nyumba ni ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuzwa.

Pili ni ardhi yenyewe. Mombasa upo utaratibu wa nyumba bila ardhi: nyumba ya huyu, kiwanja cha yule, na mwenye nyumba hulipia kiwanja. Marekani nazo nyumba za kuhamishika huuzwa zikiwa kwenye viwanja vya kukodi. Huko mnunuzi anajua anachonunua. Kwetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Unachonunua ni haki ya kuitumia na kilichojengwa juu yake. Kijijini, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, uhamisho wa haki hiyo unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi, wanavyodhani wengi.

Chukua pia futi kamba. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ufukweni na kingo za mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Nyumba ya bei ya kutupa mara nyingi iko hapo, na alama ya X haifutiki kwa rangi.

Ukishavuka hayo, ukarabati ni rahisi kiasi. Usipige plasta ya saruji juu ya ukuta wa udongo: unyevu hunaswa ndani na plasta hubanduka. Chokaa waliyotumia wazee inafaa zaidi. Mchanga wa baharini una chumvi, uache. Karibu na bahari bati la geji 28 hustahimili kutu kuliko la geji 30, maana ni nene zaidi. Boriti za mikoko zinahitaji kibali cha misitu.

Tunza kila risiti, hata ya misumari. Mkazi anayeuza nyumba hutozwa asilimia 10 ya faida, na gharama isiyo na risiti ni vigumu kuitetea mbele ya TRA.