Inapozimika Mashine Mwenyeji: Utafutaji wa Hitilafu Katika Upimaji wa Mzigo wa Programu

Mhandisi ajengaye daraja hangoji siku ya ufunguzi ndipo ajue kama litahimili malori. Hulipakia mzigo unaojulikana, hupima limepinda kiasi gani, kisha hutoa hukumu kutokana na kipimo hicho. Programu za kompyuta zinazohudumia umma kwa njia ya mtandao nazo hupimwa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mzigo wa programu si tani za mawe bali ni watu: kwa mfano, maelfu ya wanafunzi wanaotafuta matokeo yao ya mtihani katika saa ile ile moja. Kwa kuwa watu hao hawawezi kukusanywa kwa ajili ya jaribio, hubuniwa.

Madhara ya upimaji usiotosha yalionekana nchini Marekani tarehe 1 Oktoba 2013, siku ilipofunguliwa tovuti ya HealthCare.gov, ambayo wananchi waliitumia kutafuta bima ya afya. Waliotazamiwa kuitumia kwa wakati mmoja walikuwa kati ya 50,000 na 60,000, lakini waliofika walikadiriwa kufikia 250,000. Tovuti ilikwama. Kumbukumbu za serikali zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku hiyo ya kwanza ni watu 6 tu waliokamilisha uandikishaji. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo iliyotajwa mbele ya Bunge la nchi hiyo ni kwamba mfumo mzima haukupewa muda wa kutosha wa kupimwa.

Hata hivyo, kupima peke yake hakutoshi. Chombo cha kupimia nacho chaweza kuharibika, na kikiharibika kimya kimya hutoa jibu la uongo.

WATUMIAJI WA KUBUNI NA WENYEJI WAO

Mfumo wa kupima mzigo una sehemu tatu. Ya kwanza ni kompyuta msimamizi, inayoshika mpango wa jaribio. Ya pili ni mashine wenyeji, ambazo kila moja hubeba mamia au maelfu ya watumiaji wa kubuni. Ya tatu ni seva inayopimwa. Msimamizi hutuma mpango kwa wenyeji, wenyeji huishambulia seva kwa maombi, kisha huripoti kila jibu lilichukua muda gani.

Mfano mmojawapo ni programu iitwayo JMeter, iliyoanzishwa na Stefano Mazzocchi mwaka 1998 na kutolewa bure na shirika la Apache. Katika JMeter kila mwenyeji hutekeleza mpango mzima, wala hagawiwi kipande chake. Mpango wenye watumiaji 1,000 ukipelekwa kwa wenyeji 6, mzigo wote huwa watumiaji 6,000.

Kutokana na hesabu hiyo hatari inadhihirika. Tuseme seva inajibu kwa sekunde 3 chini ya mzigo wa watumiaji 6,000. Katika dakika ya kumi wenyeji 2 wanazimika. Mzigo unashuka hadi 4,000, seva inapata nafuu, na muda wa kujibu unapungua hadi sekunde 1. Mtu atazamaye mchoro wa muda peke yake atasema kwamba seva imezoea kazi na iko tayari kuhudumia umma. Ukweli ni kwamba theluthi moja ya watahiniwa wametoka nje ya chumba cha mtihani, na mtihani unahesabiwa kuwa umefaulu. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la mpimaji lapaswa kuwa: je, wenyeji wote walikuwa hai tangu mwanzo hadi mwisho?

HODI YA KWANZA

Mwenyeji asipoonekana, uchunguzi huanzia mbali na kukaribia hatua kwa hatua. Kwanza msimamizi hubisha hodi kwa kutuma ujumbe mfupi ambao kwa kawaida kompyuta iliyo hai huujibu yenyewe, isipokuwa imewekwa isiujibu. Isipojibu, huenda imezimwa, waya umechomoka, anwani imebadilika, au njia ya mtandao imekatika.

Ikijibu, bado haijathibitika kuwa ni nzima. Mgeni aweza kuitikiwa barazani ilhali chumba anachokitafuta kimefungwa. Kompyuta hupokea mawasiliano kupitia milango yenye nambari, na kila huduma husikiliza kwenye mlango wake. Mhudumu wa JMeter kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 1099. Mlango ukikataa mara moja, yaelekea programu ya mhudumu haikuwashwa. Ukikaa kimya mpaka muda wa kusubiri uishe, yaelekea programu ya ulinzi iliyo njiani inazuia mawasiliano. Tofauti hiyo ndogo kati ya kukataliwa na kunyamaziwa humwokolea mchunguzi saa nyingi.

MASHINE HAI, MAZUNGUMZO YALIYOKATIKA

Aina ya pili ya hitilafu hutokea pale mwenyeji na msimamizi wanapofikiana lakini hawaelewani. Sababu zake za kawaida ni nne.

Kwanza, matoleo ya programu hutofautiana. Msimamizi na wenyeji wapaswa kutumia toleo moja la JMeter na, ikiwezekana, toleo moja la Java. Aidha, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018, mawasiliano yao hufichwa kwa ufunguo wa siri isipokuwa utaratibu huo uzimwe kwa makusudi. Mwenyeji asiye na ufunguo huo hawezi kushiriki.

Pili, mwenyeji aweza kujitambulisha kwa anwani isiyofaa. Anwani 127.0.0.1 ina maana ya "kompyuta hii hii". Mwenyeji anayeitoa kwa msimamizi ni kama mtu aulizwaye anakaa wapi akajibu, "Nyumbani kwangu." Msimamizi akiifuata atajirudia mwenyewe. Kwa sababu hiyo JMeter ikigundua hali hiyo hukataa kuanza.

Tatu, faili za data hazisafiri pamoja na mpango. Ikiwa watumiaji wa kubuni wanasoma majina na nywila kutoka kwenye faili, sharti faili hiyo iwekwe katika kila mwenyeji. Asiyekuwa nayo atashindwa hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Nne, njia ya kurudi yaweza kuwa imefungwa. Matokeo hutoka kwa mwenyeji kwenda kwa msimamizi kwa muunganisho mwingine, hivyo jaribio laweza kuanza vizuri na lisilete tarakimu hata moja.

MASHINE ILIYOELEMEWA

Aina ya tatu ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa mwenyeji huanza vizuri na kuanguka katikati ya kazi. Hapa yafaa kuchunguza akiba ya mashine yenyewe.

Kumbukumbu ndiyo ya kwanza. JMeter katika matoleo ya karibuni hujitengea gigabaiti 1 ya kumbukumbu, hata kama kompyuta ina 16, mpaka ielekezwe vinginevyo. Watumiaji wakizidi, programu husimama na kuandika katika daftari la matukio kwamba kumbukumbu imekwisha.

Milango ya kutokea ni ya pili. Katika mfumo wa Linux, kompyuta inayoanzisha mawasiliano huchukua mlango wa muda kutoka namba 32768 hadi 60999, yaani milango 28,232. Iwapo ni yenyewe inayotangulia kufunga mawasiliano, mlango huo huwekwa kando kwa sekunde 60 kabla ya kutumika tena kwenda kwenye seva ile ile. Gawanya 28,232 kwa 60, na jibu ni takriban 470. Kwa hiyo, bila marekebisho, mashine moja yenye anwani moja haiwezi kudumisha zaidi ya miunganisho mipya 470 hivi kwa sekunde kuelekea mlango mmoja wa seva, hata prosesa yake ikiwa na nguvu kiasi gani. Mpimaji asiyejua hesabu hii huilaumu seva isiyo na kosa.

Ya tatu ni prosesa. Ikifanya kazi kwa asilimia 100, jibu la seva hufika na kungoja foleni ndani ya mwenyeji kabla ya kuandikiwa muda, na kuchelewa huko huhesabiwa kama kosa la seva.

BADILISHA KITU KIMOJA

Mchunguzi akiisha kukusanya dalili, hufuata kanuni ile ile ya maabara: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mpango ule ule hupelekwa kwenye mashine nyingine. Hitilafu ikibaki na mashine, kosa ni la mashine. Ikiufuata mpango, kosa ni la mpango. Wenyeji wote wakianguka kwa pamoja, hutafutwa kitu wanachoshiriki, kama mtandao au msimamizi. Kisha watumiaji hupunguzwa kwa nusu. Mashine ikipona, yaelekea ilielemewa. Baada ya matengenezo jaribio hurudiwa tangu mwanzo, kwani matokeo ya jaribio lililopoteza wenyeji hayawezi kuunganishwa na mapya.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kupeleka mzigo wa namna hii kwenye tovuti ya mtu mwingine bila ruhusa si jaribio bali ni shambulio. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2018. Wanafunzi wanaotaka kujizoeza watumie kompyuta mbili au tatu za shule yao, moja ikiwa seva, kwa idhini ya mwalimu.

Zoezi: Jaribio lina wenyeji 8, kila mmoja akiwa na watumiaji 750. Wenyeji 3 wamezimika. Je, ni asilimia ngapi ya mzigo iliyobaki? Eleza kwa nini mchoro wa muda wa kujibu peke yake haungeweza kufichua jambo hilo.