Usiku Ndio Unaotengeneza Maziwa

Wageni wanaokuja kumpa hongera mzazi huwa na swali lao, wakishaambiwa jina la mtoto: "Usiku analala?" Mama akisema mtoto anaamka mara nne, wapo wanaompa pole na wapo wanaompa dawa. Huyu anashauri maji ya gripe, yule kijiko cha maji ya sukari, mwingine uji mwepesi uliochujwa "ashike tumbo". Wote wanamtakia mema. Ila wanatibu kitu ambacho hakina ugonjwa ndani yake.

Mtoto mchanga ana tumbo dogo kweli. Siku ya kwanza hupokea mililita chache tu kwa mara moja, karibu kijiko cha chai, na dang'a, yaani maziwa ya kwanza, nayo hutoka kwa kiasi hichohicho. Maziwa yakishajaa, mtoto huyameng'enya upesi na kurudi kuomba mengine. Kwa saa 24 hunyonya mara 8 hadi 12, naye hajui kwamba jua limezama. Melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, huanza kutengenezwa kwa mpangilio mtoto anapokaribia miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo anaipata kwa mama yake: maziwa ya usiku yana melatonini, ya mchana karibu hayana kabisa.

Mwili wa mama nao una sababu zake za kutaka usiku. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kila mtoto anaponyonya, na kiwango chake huwa juu zaidi usiku kuliko mchana. Kwa hiyo mtoto anayenyonya saa nane za usiku anaagiza maziwa ya kesho. Matiti yanayokaa yamejaa saa nyingi bila kunyonywa huupa mwili habari tofauti, kwamba maziwa yamezidi mahitaji, na mwili unapunguza.

Hapo ndipo maneno ya "maziwa hayamtoshi" yanapojitimiza yenyewe. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, maziwa yako mepesi, mpe uji alale." Uji unatolewa, mtoto analala, matiti hayanyonywi mpaka asubuhi. Wiki mbili baadaye maziwa yamepungua kweli, na mama mkwe anapata ushahidi wake. Ubaya zaidi, maji na uji vinaweza kuingiza vijidudu kwenye utumbo ambao bado mchanga. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, mchana na usiku kila mtoto anapotaka. Ushauri huo unamhusu pia mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, mradi anatumia dawa zake ipasavyo na kufuatiliwa kliniki.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi mpaka wamechelewa. Mwaka 1988 wataalamu walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana kwamba kunyonyesha kunaweza kuzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, mama hajaona hedhi, na mtoto anategemea maziwa ya mama tu au karibu tu. Kwa kawaida mama hushauriwa asipitishe muda wa saa 4 wakati wa mchana, au wa saa 6 wakati wa usiku, bila kunyonyesha. Anayemlaza mtoto kwa uji mpaka alfajiri amevunja masharti, na hana haki ya kushangaa akibeba mimba nyingine mtoto akiwa na miezi mitano.

Desturi hizi hubadilika, tena upesi. Nchini Kenya, mwaka 2003, asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miezi 6 ndio waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Kufikia 2014 walikuwa asilimia 61. Katikati hapo kulikuwa na elimu kliniki na vijijini, na sheria ya 2012 iliyobana matangazo ya maziwa ya kopo.

Lakini elimu haimpi mama usingizi. Uchovu wa miezi ya mwanzo ni mkubwa, na kumwambia mtu avumilie tu ni ukatili. Kinachosaidia ni mpangilio wa chumba na wa watu. Mtoto alale chumba kimoja na mama, karibu, ili anyanyuliwe anapoanza kujinyonganyonga na kutafuta titi, kabla hajafika kulia. Mwanga uwe hafifu, simu ikae mbali, na koroboi isiwe chumbani kwa sababu ya moshi. Kunyonyesha kwa kulalia ubavu humpumzisha mama, hasa aliyejifungua kwa upasuaji.

Je, walale kitanda kimoja? Huku kwetu wengi hulala hivyo, iwe daktari amekubali au la, kwa hiyo ni afadhali kusema wazi yaliyo hatari. Mtoto hatakiwi kulala na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara, wala kando ya kaka na dada zake, wala karibu na mito na mablanketi mazito. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, huhitaji tahadhari zaidi. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye sofa, mama anaposinzia naye kifuani. Kila anapolazwa, alazwe chali, ndani ya chandarua.

Baba hana maziwa ila ana mikono. Anaweza kumleta mtoto, kumbadilisha nepi, kumcheulisha begani na kumrudisha kulala. Nyumba nyingi zingepata nafuu kubwa kwa hilo peke yake.

Kazi nayo inagusa usiku. Sheria ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya ni miezi mitatu. Mama anaporudi kazini, watoto wengi hufidia: mchana hunywa kidogo maziwa yaliyokamuliwa, usiku wananyonya kwa bidii. Muuza mboga na mama ntilie hawana likizo ya mwajiri yeyote, na kwao saa za usiku ndizo zinazoshikilia maziwa yasikauke.

Anayelazimika kutumia maziwa ya kopo ajihadhari na chupa ya usiku. Maji yaliyochemshwa yawe bado na moto wa nyuzi 70 au zaidi yanapochanganywa na unga, kisha yapozwe. Kinachobaki kimwagwe ndani ya saa mbili. Chupa iliyokorogwa saa nne usiku haifai kupewa mtoto saa kumi alfajiri.

Na upo usingizi wa kuogopwa. Katika siku za mwanzo, kabla mtoto hajarudisha uzito aliozaliwa nao, ambao kwa kawaida hurudi ndani ya wiki mbili, asiachwe apitishe saa nyingi bila kunyonya, aamshwe. Baada ya siku ya tano, nepi zinazolowa kwa mkojo ziwe 6 au zaidi kwa siku. Zikipungua, au mtoto akiwa mlegevu, akikataa titi, akiwa na homa au macho ya manjano, apelekwe hospitali usiku huohuo. Msisubiri kuche.