Dakika 50 za Ndege Si Safari Yote

TUSEME kijana wa Khunyangu, katika Wilaya ya Busia zamani, sasa Kaunti, amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Ndege yake inaondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, saa tano usiku. Mama anataka aondoke nyumbani alfajiri. Baba anacheka.

"Mama Watoto, Kisumu hadi Nairobi ni dakika 50 tu! Akitoka hapa saa kumi jioni, atafika."

Je, msomaji, nani anasema kweli?

Baba hakukosea kuhusu ndege. Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilomita 280 hivi, ilhali kwa barabara ni karibu 350. Ndege ya mapanga inayokwenda kilomita 500 kwa saa ingemaliza masafa hayo kwa dakika 34. Lakini kuna kutambaa hadi njiani pa kurukia, kupanda, kupunguza mwendo na kungoja zamu ya kutua. Ndiyo sababu ratiba husema dakika 50 au zaidi.

Sasa hesabu kutoka mlangoni. Matatu haiondoki hadi ijae. Kisha ni Bumala, Ugunja, Luanda, Maseno na Kisian. Heri ni kuwa uwanja wa Kisumu uko upande huu wa mji, kwa hiyo huingii msongamano wa katikati. Hata hivyo, tenga saa mbili na nusu. Kijana anafika saa kumi na mbili na nusu jioni. Akipata ndege ya saa mbili usiku, anatua karibu saa tatu. Akichukua mzigo na kuhamia jengo la safari za nje, saa tatu na nusu imegonga. Abiria wa ng'ambo hushauriwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka, yaani saa mbili usiku. Gurudumu likipasuka Maseno, masomo yamekwenda na maji.

Wengine watasema, "Si apande Entebbe?" Kutoka mpaka wa Busia hadi Kampala ni kilomita 200 hivi, na Entebbe ni 40 zaidi, kukiwa na foleni za Kampala katikati. Kutoka Entebbe hadi Nairobi angani ni kilomita 520, yaani saa moja na dakika chache. Atakuwa amekwenda magharibi kwanza ili arudi mashariki! Entebbe inamfaa tu kama ndege yake ya ng'ambo inaanzia huko. Walio karibu na Malaba nao wana uwanja wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997.

Kwa hiyo, mzazi, usisome tiketi peke yake. Jumlisha matatu, foleni, mizigo na saa moja ya dharura. Mama alisema kweli: tahadhari kabla ya hatari. Afadhali kijana asinzie kitini uwanjani kuliko kuitazama ndege yake ikipaa.