Sehemu ya Sumu Iliyogeuzwa Kinga

Watu wa Chokocho, Mwambe na vijiji vingine vya wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba, hawahitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Mlipuko mmoja wa Zanzibar ulitokea mwaka 1978 katika kijiji cha wavuvi: waliougua walikuwa 411, na 51 kati yao walifariki. Mwaka huo huo, huko California, wataalamu waliingiza jeni ya insulini ya binadamu katika bakteria, nao bakteria wakaitengeneza protini hiyo. Miaka 31 baadaye ufundi huo, ukitumiwa kwa protini nyingine, ulifika Pemba ndani ya kikombe cha maji.

Bakteria wa kipindupindu hawatoboi utumbo wala hawaingii katika damu. Hujibandika katika utumbo mwembamba na kutoa sumu, ambayo nayo ni protini yenye sehemu mbili. Sehemu B ni vipande vitano vilivyopangika kama pete, na kazi yake ni kushika tu, mfano wa nanga. Madhara yamo katika sehemu A. Ikisha kuingia ndani ya seli, huifanya seli ishindwe kuzifunga njia za chumvi; chumvi humwagika utumboni, na maji huifuata. Mtu mzima aliyezidiwa aweza kupoteza lita moja kwa saa. Ndiyo sababu maji ya chumvi na sukari, yakinywewa mapema, huokoa maisha ya wengi.

Je, nanga peke yake, bila A, yaweza kuufunza mwili kujikinga? Jan Holmgren na Ann-Mari Svennerholm wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walionyesha kuwa yaweza. Jeni ya sehemu B iliunganishwa na plasmidi, yaani kipete cha DNA kinachojizidisha ndani ya bakteria, kisha ikatiwa katika bakteria wa kipindupindu wasio na jeni ya A. Adui mwenyewe, kwa hiyo, ndiye aliyeajiriwa kufua silaha. Kila dozi ya chanjo hiyo, iitwayo Dukoral, ina miligramu 1 ya protini B pamoja na bakteria waliouawa wapatao bilioni 100.

Protini hiyo ina udhaifu mmoja: tindikali ya tumboni huivunja. Hunywewa, basi, katika mililita 150 za maji yaliyotiwa bikaboneti ya sodiamu. Mahali ambapo maji safi ndiyo hasa yanayokosekana, sharti hilo si jepesi.

Mapema mwaka 2009 chanjo ilitolewa katika maeneo kadhaa ya Unguja na Pemba, Mwambe ikiwamo. Kati ya watu 48,000 hivi waliostahili, wenye umri wa miaka 2 na zaidi, wajawazito wakiachwa, karibu nusu walikunywa dozi zote mbili. Wagonjwa walipohesabiwa hadi Mei 2010, ilidhihirika kuwa chanjo ilikinga kwa asilimia 79. Hata wasiochanjwa walipata nafuu pale ambapo majirani wengi walikuwa wamechanjwa.

Chanjo zilizofuata, kama Shanchol iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, zimeiacha protini B. Hazihitaji bikaboneti, na bei yake ni ndogo. Protini B imebaki katika chanjo ya wasafiri na katika maabara, ambako hutiwa rangi ing'aayo ili watafiti waifuatilie mishipa ya fahamu inakoelekea.