Kuhesabu Mipango

Mwanafunzi mmoja aliulizwa katika mtihani: "Vitabu vitatu vyaweza kupangwa katika mstari kwa njia ngapi?" Akaandika, 3 + 2 + 1 = 6, akapewa alama zake, maana jibu ni sita kweli. Mwaka uliofuata akaulizwa habari za vitabu vinne. Akaandika kwa furaha, 4 + 3 + 2 + 1 = 10. Akakosa, wala hakujua sababu, kwa kuwa njia ileile ilimfaa mara ya kwanza. Nami namwonea huruma, kwa maana hakuna aliyemwonya ya kwamba jibu la kweli laweza kupatikana kwa njia isiyo ya kweli.

Basi na tuanze pale alipoanzia yeye. Twaa vitabu vitatu: cha Kusoma, cha Hesabu, na cha Nyimbo, tuviite K, H na N. Viweke mezani, andika jinsi vinavyofuatana, kisha uvipange upya. Utapata hii: KHN, KNH, HKN, HNK, NKH, NHK. Kila mfuatano mmoja tutauita mpango. Mpango wa saba huupati, hata ukijaribu mpaka jua litue.

Sasa tazama hiyo sita imetoka wapi. Mahali pa kwanza paweza kukaa kitabu chochote katika vile vitatu. Ukiisha kukiweka, vimebaki viwili vya kugombea mahali pa pili. Na ukiisha kuchagua kimoja, kile cha mwisho hakina hiari, huenda mahali palipobaki. Lakini angalia sana jambo hili, ndilo shina la habari yote: zile njia mbili za mahali pa pili hazipatikani mara moja tu. Zapatikana K kikiwa mbele, zapatikana tena H kikiwa mbele, na tena N kikiwa mbele. Ni mbili, mara tatu. Na penye "mara" pana kuzidisha. Kwa hiyo ni 3 × 2 × 1 = 6. Kwamba 3 + 2 + 1 nayo ni 6, hiyo ni sadfa tu ya tarakimu ndogo, nayo imewadanganya wengi.

Kwa vitabu vinne, kimoja chochote kikiisha kuwekwa mbele, vitatu vilivyobaki vina mipango sita kama tulivyoona. Sita mara nne ni 24. Kwa vitano ni 24 mara tano, yaani 120. Wanahesabu huandika kuzidisha huku kwa kifupi hivi: 5! Alama hiyo ilianza kutumiwa na Christian Kramp mwaka 1808. Kwetu sisi ni alama ya mshangao, nayo yafaa sana, kwa kuwa hesabu hizi hukua upesi ajabu.

Ukitaka kujua hukua namna gani, sikiliza habari za kengele. Katika minara ya makanisa mengi ya Uingereza hutundikwa kengele kadha wa kadha za sauti mbalimbali, na wapigaji wake hawapigi wimbo, bali hupiga mipango. Kila mtu hushika kamba ya kengele yake. Kengele zote hulia mara moja moja kwa mfuatano fulani, kisha mfuatano hubadilishwa, na sharti ni kwamba mpango uliokwisha kupigwa usirudiwe. Kwa kuwa kengele ni nzito, haiwezi kuruka kutoka mwisho hadi mwanzo. Kutoka mpango hadi mpango husogea nafasi moja, mbele au nyuma, au hukaa palepale. Fabian Stedman, mpiga chapa, alitoa kitabu juu ya kazi hiyo mwaka 1677.

Kengele saba zina mipango 5,040. Nane zina 40,320. Mwaka 1963, mjini Loughborough, watu wanane waliipiga hiyo 40,320 yote bila kupokewa zamu, wakaanza siku moja na kumaliza siku ya pili: saa 17 na dakika 58. Kama kengele zingalikuwa 12, na kila mpango ukachukua muda uleule, wangalipiga usiku na mchana kwa miaka zaidi ya 24. Na yule mwanafunzi wetu mwenye kujumlisha angaliwaambia ya kwamba kengele nane zina mipango 36, kazi isiyotimiza hata dakika moja!

Watungaji wa mitihani, lakini, hupenda kuweka mtego. Huuliza: kwa tarakimu 0, 1, 2 na 3, bila kurudia hata moja, twaweza kuandika namba ngapi za tarakimu nne? Mwenye haraka hujibu 24. Lakini 0123 si namba ya tarakimu nne. Ni 123 tu. Anza basi na mahali penye sharti. Mahali pa kwanza pakubali 1, 2 au 3: njia tatu. Kwa mahali pa pili zimebaki tarakimu tatu, sifuri ikiwamo. Kisha mbili, kisha moja. 3 × 3 × 2 × 1 = 18.

Mtego mwingine ni herufi zinazofanana. Neno BABA lina herufi nne. Je, mipango yake ni 24? Ingekuwa 24 kama B moja ingeandikwa kwa wino mwekundu na ya pili kwa mweusi, na A vilevile. Futa rangi hizo. B zikibadilishana mahali, jicho halioni tofauti. Na A ni hivyohivyo. Kila mpango umehesabiwa mara 2 × 2, yaani mara nne. 24 ÷ 4 = 6, nayo ni hii: AABB, ABAB, ABBA, BAAB, BABA, BBAA.

Herufi za neno BARABARA ni nane, sawa na zile kengele. B ni mbili, R ni mbili, na A ni nne. Angalia usigawanye kwa 4 kwa ajili ya A: herufi nne hubadilishana mahali kwa njia 24, si nne. Chukua 40,320, ugawanye kwa 24, tena kwa 2, tena kwa 2. Utapata 420.