Baiskeli Hupimwa kwa Anayeipanda

Mama mmoja wa Unguja, mshonaji wa sare za skuli, aliweka akiba kwa miezi kadhaa ili anunue baiskeli ya kupelekea nguo kwa wateja wake. Alikwenda dukani akifuatana na mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 16. Muuzaji alimwamkia mama kwa adabu zote, kisha akamgeukia kijana: "Unataka ya aina gani?" Kijana akajibu kuwa baiskeli ni ya mama yake. Hata hivyo, aliyepandishwa juu ya tandiko ni kijana, na bei ikapatanwa naye. Mama alipouliza kama usukani hauko mbali mno, aliambiwa, "Utazoea tu, mama."

Hakuzoea. Baada ya wiki tatu viganja vilikuwa vikifa ganzi na magoti yakimuuma kwa nyuma, naye akadhani ni umri. Baiskeli ikaegemezwa ukutani, ikawa mahali pa kuanikia kanga.

Aliyemfumbua macho ni fundi wa mtaani, ambaye kabla ya kushika spana alimuuliza, "Unaumwa wapi?" Aliposikia jibu alimkalisha juu ya tandiko, akamtaka aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Kisigino hakikufika. Tandiko lilikuwa limebaki pale pale lilipowekwa kwa ajili ya mwanawe.

Kipimo hicho ni chepesi, na kila dada anaweza kukijaribu dukani. Kisigino kikiwa juu ya pedali ya chini, mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo. Tandiko likiwa chini mno, goti huuma mbele. Likiwa juu mno, nyonga huyumba na maumivu huja nyuma ya goti. Mikono ikishika usukani, viwiko vilegee. Vidole navyo vifikie breki bila kiganja kuhama. Breki nyingi za waya zina skrubu ndogo ya kuzisogeza karibu.

Wengi hudhani kwamba "baiskeli ya kike" imemaliza yote hayo. Bomba lake lililoshushwa humwezesha mwanamke kupanda na kushuka kwa stara, na kava ya mnyororo hulinda pindo la buibui. Hayo ni mema, lakini yanalifaa vazi. Urefu wa mikono na miguu ni jambo jingine. Wanawake wawili wa kimo kimoja huweza kuhitaji baiskeli mbili tofauti. Nchini Marekani, mhandisi Georgena Terry alianzisha mwaka 1985 kampuni ya baiskeli za wanawake, akafupisha bomba la juu na, kwa fremu ndogo, akaweka gurudumu la mbele dogo kuliko la nyuma. Malalamiko ya wapandaji wanawake yeye aliyajibu kwa vipimo.

Kwa wauzaji wetu, suala hili linagusa amana. Mafunzo ya biashara katika dini yetu yanamtaka muuzaji abainishe kasoro ya bidhaa yake. Baiskeli isiyoulingana mwili wa mnunuzi ina kasoro kwake, hata ikiwa mpya inang'aa. Kumwambia "utazoea" ni kumfungia mlango wa kuijua kasoro hiyo. Naye mume, kaka au mwana anayeandamana na mnunuzi ana wajibu wake: swali linalomhusu mpandaji alirudishe kwa mpandaji.

Fundi yule alishusha tandiko, akainua usukani na kuuelekeza nyuma kidogo, akakaza skrubu za breki. Magoti yakatulia, na sare zikaanza tena kufika kwa wateja kwa wakati.

Mwaka uliofuata mama alirudi madukani, safari hii kumnunulia binti yake baiskeli ya kwendea skuli. Kijana wake alikuwa pamoja nao. Muuzaji alipomgeukia na kumuuliza wanataka ipi, yeye alirudi nyuma hatua moja, akamwonesha dada yake: "Mwulize mwenyewe. Yeye ndiye atakayeipanda."